E ya Fizikia

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa saba, wakati Moshi ina baridi na mlima umejifunika wiki nzima bila kuonekana. Siku mbili tatu baadaye mimi hushuka mjini. Nafundisha baiolojia shule moja huku juu, upande wa Kibosho, na wanafunzi wangu wengi hawana kompyuta, wala hawana mtu nyumbani aliyewahi kuomba chuo. Kwa hiyo tunakutana steshenari, duka moja karibu na stendi lenye mashine mbili za fotokopi, kompyuta nne, na kijana mvumilivu anayelipwa kwa kila fomu anayojaza. Foleni inatoka mpaka nje, kila mtoto ameshika simu yenye picha ya matokeo yake. Mimi nakaa kwenye benchi, kitabu magotini.

Kitabu chenyewe ni mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Hutolewa kila mwaka, kwa Kiingereza, na karibu chote ni majedwali: jina la chuo, jina la programu, masharti ya kuingia, idadi ya nafasi, miaka ya masomo. Nimekisoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote. Nimekisoma nikiwa nimesimama kwenye Hiace, nimekisoma kwa sauti nikiwafasiria wazazi waliovaa nguo za kanisani siku ya Jumanne ili waje kusikia mtoto wao anaweza kuwa nani. Mimi si mhakiki kwa kusomea. Lakini sijui kitabu kingine kinachoamua maisha ya wasomaji wake kwa haraka namna ile, na sijawahi kuona mtu akikihakiki, basi naomba nijaribu.

Nianze na lugha. Neno udahili lina asili ya Kiarabu, la kuingia. Zanzibar bado wanaita bweni dakhalia. Ni neno la mlango. Na neno lililo karibu nalo kila siku pale steshenari ni sifa. Kijana wa kompyuta akishaingiza namba ya mtihani, mfumo unavuta matokeo wenyewe, kisha anageuka na kusema moja kati ya mambo mawili: "Ana sifa," au, "Hana sifa." Kwa Kiingereza ni jambo la masharti tu. Kwa Kiswahili sifa ni tabia ya mtu, ni kile anachosifiwa nacho, ni jina lake mbele za watu. Mama mmoja aliyekuja na binti yake aliposikia "hana sifa" alishtuka akauliza, "Amefanya nini?" Kijana akacheka kidogo, akamwonyesha kioo. Mama hakucheka.

Sasa masharti yenyewe. Kwa Udaktari wa Tiba, programu ya miaka 5, miongozo ya miaka ya karibuni inataka hivi: prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla ya pointi zisizopungua 6, na katika kila somo isipungue D. Kwa asiyezoea, A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. D ni alama 50 hadi 59. E ni 40 hadi 49, na E bado ni prinsipo, bado ni kufaulu.

Msomaji mwenye jicho ataona kitu hapo. D tatu ni pointi 6. Kama kila somo lazima liwe na D, basi hakuna namna ya kupata pungufu ya 6, na sharti la pointi halifanyi kazi yoyote. Lipo kama pambo. Linampa msomaji hisia kwamba mtu anajumlishwa, kwamba nguvu yake hapa inaweza kufidia udhaifu wake pale, kama mizani ya kahawa inavyopima gunia zima bila kuuliza kila punje. Kumbe hakuna kujumlisha. Kuna mageti matatu, na kila geti lina askari wake. Mwenye D, D na D amepita akiwa na pointi 6. Mwenye A ya Baiolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 10, naye amebaki nje.

Najua hesabu hiyo kwa sababu mwenye pointi 10 alikuwa mwanafunzi wangu.

Sitamtaja jina. Alikuja kwetu kidato cha tano kutoka shule ya kata, mwembamba, anayesema polepole. Alilelewa na bibi yake kwenye kihamba cha ndizi huko juu, karibu na mahali barabara inapokuwa njia ya miguu. Walipangiwa PCB, na mwezi wa tisa mwalimu wa fizikia akahamia halmashauri nyingine. Hakuletwa mwingine mpaka Juni ya mwaka uliofuata. Katika miezi hiyo watoto walisoma fizikia kwa mitihani ya zamani, wakibishana wao kwa wao, na mwenye kaka chuoni alipiga simu Jumapili akauliza maswali ya darasa zima mpaka salio likaisha. Binti huyu alinijia mwezi wa kumi na moja, akaniambia, "Mwalimu, nataka kuhamia CBG. Jiografia nitaiweza." Nikamkatalia. Nilimwambia mtu mwenye kichwa chake cha baiolojia hawezi kuukimbia udaktari kwa sababu ya mwalimu mmoja kuhama, kwamba mwalimu ataletwa. Nilikuwa na uhakika wa mtu asiyefanya mtihani yeye mwenyewe.

Nina karatasi mbili zake. Ya kwanza ni nakala ya matokeo: herufi tatu pamoja na zile za masomo ya ziada, namba ya mtihani, basi. Ya pili ni ukurasa wa daftari la mazoezi. Usiku mmoja wa masika, mvua inamwagika, mwanafunzi mwenzake mwenye selimundu alizidiwa bwenini. Matroni alikuwa amefiwa na hayupo. Gari halikupatikana mpaka karibu alfajiri, maana barabara ya huku ikilowa hata pikipiki zinakataa. Binti huyu alikaa naye usiku kucha, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya zaidi ya maji, blanketi na panadoli, aliandika. Saa nne na nusu: maumivu mapaja yote mawili, anasema kama msumari. Saa tano: amekunywa kikombe kimoja, hajatapika. Saa sita na robo: pumzi 28 kwa dakika, nimehesabu mara mbili. Saa nane: pumzi 34, kifua kinamuuma akivuta, nimemwamsha mlinzi mara ya pili. Saa tisa: macho yamekuwa ya njano zaidi au ni taa, sina hakika.

Muuguzi wa zamu kule hospitali aliusoma ule ukurasa kabla hajamgusa mgonjwa. Kisha akauliza ni nani aliyeandika. Mgonjwa alipona, sasa ana duka la vitenge Himo.

Kama mhakiki nasema ukurasa ule ndio maandishi bora kati ya hayo mawili, na narudia mara kwa mara kwenye maneno "au ni taa, sina hakika." Nimewajua watu wazima wenye makoti meupe ambao hawajawahi kuandika sentensi hiyo. Ila mfumo hauna mahali pa kuingiza ukurasa ule. Una kisanduku cha namba ya mtihani, na ukishaijaza umemaliza kujieleza.

Hapa ni rahisi kuendelea kwa hasira na kusema alama ni upuuzi. Sisemi hivyo. Niliolewa na mtu wa kabati la vitabu, na baba yangu alikuwa na hadithi zake, kwa hiyo nafahamu kwamba nchi hii imewahi kujaribu njia nyingine.

Mwaka 1974 lilitoka Azimio la Musoma. Mlango wa kutoka sekondari moja kwa moja kwenda chuo kikuu ulifungwa. Ulipaswa kwanza ufanye kazi, kisha mwajiri wako na chama waseme wewe ni mtu wa namna gani. Alama peke yake haikutosha. Lilikuwa wazo zuri ajabu, na ukilisoma leo unaona lilikuwa linauliza swali lile lile ninalouliza mimi kuhusu ukurasa wa daftari. Lakini barua ya tabia njema lazima iandikwe na mtu, na mtu huyo ana jirani, ana shemeji, ana kinyongo. Wasichana walikutana na balaa la peke yao, kwa sababu miaka miwili ya kungoja kijijini ni miaka ya kuolewa, na baadaye ikabidi wao walegezewe sharti. Katikati ya miaka ya themanini utaratibu mzima ulikuwa umekwisha.

Halafu kulikuwa na mgao wa mikoa. Hili watu wa mlimani hawalisahau. Misheni na kahawa vilikuwa vimeujaza Kilimanjaro shule za msingi wakati mikoa mingine haina, na kama nafasi za kidato cha kwanza zingegawiwa kwa alama tupu, mkoa wetu ungezoa nyingi kupita idadi yetu. Serikali ikagawa nafasi kimkoa. Maana yake mtoto wa huku alihitaji alama kubwa zaidi ya mtoto wa kwingine ili aingie shule ile ile ya serikali. Kaka yangu mkubwa alimaliza la saba mwaka 1979, wa pili shuleni kwao, hakuchaguliwa. Baba alikaa chini ya mparachichi jioni nzima. Kisha akajiunga na wazazi wengine kubeba mawe ya shule ya kulipia ambayo kanisa lilikuwa linaijenga, kama walivyofanya wazazi wengi wa mlima huu, na ndiyo maana hata leo ukipanda barabara yoyote kutoka Moshi unakutana na sekondari kila baada ya kona mbili. Nilikua nikiamini kaka alidhulumiwa. Nimefundisha miaka mingi, nimekutana na watoto wa maeneo ambayo nafasi ile ya kaka ilikwenda, na sasa siwezi kulisema neno hilo kwa sauti ile ya zamani.

Kwa hiyo ninapoiona alama ikitukanwa, namkumbuka baba. Alama haina mjomba. Msahihishaji anaona namba, haoni jina la ukoo, haoni umetoka mlimani au bondeni, haoni baba yako anasali wapi. Kwa mtoto wa bibi mwenye kihamba, ile namba ndiyo mahali pekee katika nchi nzima ambapo mtoto wa waziri amesimama naye foleni moja. Hilo si jambo dogo, na ninayekosoa nalikosoa nikilijua.

Rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa ni mhadhiri katika chuo kimoja cha udaktari hapa nchini, alinijibu kwa namna hiyo hiyo nilipomlalamikia. "Maombi ni maelfu, sisi ni wachache. Nani atawahoji? Na ukiwahoji, simu zitaanza kupigwa." Nikamwuliza kama kweli alama zinamjua daktari. Akasema zinamjua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, wakati bado ni anatomia na biokemia. Akiingia wodini ndipo unaanza kushangazwa, kwa mazuri na kwa mabaya. Watafiti wa sehemu nyingi wameona kitu kama hicho.

Na usaili nao si dawa. Kuna kisa cha Texas ninachokipenda kwa sababu kilitokea kwa bahati mbaya, na bahati mbaya haina upendeleo. Mwaka 1979 chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Texas kule Houston kilikuwa kimeshahoji waombaji wapatao 800 na kuchagua 150. Bunge la jimbo likaamuru, muda umekwenda, waongezwe 50. Waliobaki hawajachukuliwa kwingine walikuwa wale wa chini kabisa kwenye orodha ya usaili, na ndio waliochukuliwa. Baadaye walipolinganishwa na wenzao, masomoni, wodini, hata mwaka wa kwanza wa kazi, hapakuonekana tofauti ya maana. Watu wazima wenye elimu walikuwa wamekaa mezani wakawatazama vijana machoni, wakaandika nani bora na nani hafai, na karatasi zao zikawa hazina habari yoyote. Waholanzi kwa miaka mingi, kuanzia 1972, walikubali ukweli huo kwa namna yao: waliofaulu sharti waliingizwa kwenye bahati nasibu, mwenye alama kubwa akipewa nafasi kubwa zaidi ya kuchomoka. Binti mmoja mwenye wastani wa juu sana alishindwa bahati nasibu hiyo mara tatu, nchi ikachachamaa, sheria ikabadilishwa. Bahati nasibu ikafutwa 2017, kisha baada ya miaka michache vyuo vikaruhusiwa tena kuitumia. Mwanangu nilipomsimulia alisema bora hiyo, angalau ukikosa hujaambiwa huna sifa.

Jirani zetu Makerere waliwaongezea wasichana pointi 1.5 kuanzia 1990, kwa vyuo vya umma vyote, siyo udaktari tu. Kitendo hicho kinakiri jambo ambalo kitabu chetu kinakataa kukiri: kwamba D ya mtu mmoja na D ya mwingine hazikupatikana kwa jasho moja.

Hapo ndipo kasoro kubwa ya kitabu, kwa maoni yangu. Tatizo langu na E ya fizikia siyo kwamba ni alama. Ni kwamba imewekwa kwenye jina la mtoto wakati sehemu yake kubwa ni historia ya shule. Alama 50 kwa mtoto aliyekuwa na mwalimu miezi yote ya muhula na maabara yenye umeme, na alama 46 kwa mtoto aliyejifunza mawimbi na mwanga kutoka kwa kaka wa mwenzake kwa simu ya Jumapili: nani amejifunza zaidi? Kitabu kinajibu bila kusita. Kingeweza kuuliza angalau pointi hizo 10 zina nini ndani yake, maana jumla tayari kimeitaja chenyewe.

Baada ya steshenari ile, binti alirudi nyumbani wiki moja. Bibi yake, ambaye kwake udaktari maana yake ni KCMC tu, ile hospitali iliyofunguliwa 1971 pale chini na ambayo huku mlimani ukisema mtu amepelekwa huko watu wananyamaza, alimwuliza kama basi atakwenda kusomea huko. Chuo cha udaktari kipo pale tangu 1997. Akamwambia, "Hapana bibi, kwanza nitasomea utabibu." Akaenda stashahada, miaka mitatu.

Msomaji anayetoka nje ya Tanzania pengine hajui kwamba nchi hii imebebwa na watu wa njia hiyo. Tabibu, yule anayeitwa ofisa tabibu kwenye karatasi na daktari kwenye midomo ya wagonjwa, ndiye anayekuona ukiugua vijijini. Zamani, akishafanya kazi miaka kadhaa, angeweza kwenda kusoma miaka miwili zaidi akawa daktari msaidizi, na hao wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa wazazi katika hospitali za wilaya. Utafiti uliochapishwa 2009 ulilinganisha kazi yao ya dharura za uzazi na ya madaktari kamili katika mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa, ukaona hakuna tofauti ya maana katika matokeo. Walikuwa wamechujwa kwa kitu kingine kabisa, miaka ya kusimama mbele ya wagonjwa, na mchujo huo ulifanya kazi. Tumeuacha ule ngazi, kwa sababu ambazo nyingine ni nzuri. Siku hizi tabibu anayetaka kupanda anaelekezwa kwenye udaktari kamili.

Binti alihitimu vizuri. Akapangiwa kituo cha afya huko tambarare, kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi chini, ambako kuna maji, kwa hiyo kuna mbu. Amefanya kazi huko miaka mitano. Mwaka jana aliniletea mwongozo mwingine, ule wa wenye sifa linganishi, umekunjwa kwenye ukurasa mmoja. "Shikamoo mwalimu. Nisomee na wewe, labda mimi sijaelewa."

Alikuwa ameelewa. Mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba udaktari akiwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Yeye ana 3.7. Lakini pia awe na D ya kidato cha nne katika Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. Angalia tena. Anayetoka kidato cha sita hakuulizwa hisabati ya kidato cha nne kwenye ule mstari wa udaktari. Tabibu mwenye miaka mitano ya kazi anaulizwa. Na hisabati ndilo somo ambalo wengi wa watahiniwa wa kidato cha nne Tanzania hulifeli, mwaka baada ya mwaka. Yeye alipata F, akiwa na miaka 17, katika shule ya kata ambako hisabati ilifundishwa na mwalimu wa Kiswahili kwa kujitolea.

Nilimwuliza anatumia hisabati kazini? Akanieleza bila kinyongo, kama anayemweleza mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mtoto mwenye malaria kali analetwa usiku. Unampima uzito. Sindano ya artesunate ni miligramu 3 kwa kila kilo kama yuko chini ya kilo 20, na 2.4 kama ni kilo 20 au zaidi. Unga umeuchanganya, unajua kila mililita ina miligramu ngapi, unapiga hesabu, unavuta kwenye sirinji, unamwita muuguzi mpige wote wawili jibu lifanane. Umeme ukikatika unafanya kwa tochi ya simu. "Ukikosea huko," akasema, "hakuna F."

Siandiki hivi ili kusema sharti la hisabati ni la kijinga. Mtu anaweza kulitetea, na mimi ningependa daktari wangu ajue grafu. Nasema lina umri mbaya. Linamtazama mtu wa miaka 29 mahali alipokuwa na miaka 17, halitazami kitu chochote kilichotokea katikati, na katikati hapo ndipo alipojifunza kazi yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2010 kwamba nchi zinazotaka wahudumu wa afya vijijini zichukue vyuoni vijana waliotoka vijijini, kwa kuwa hao ndio wana mwelekeo mkubwa wa kurudi. Huyu hahitaji hata kurudi. Yuko huko. Mfumo umemwona mara mbili na mara mbili umesema neno lile lile.

Kama ningepewa kalamu nyekundu na kitabu hicho usiku mmoja, nisingebadilisha mengi. Ningeacha alama zitawale, kwa heshima ya baba. Ningeifanya ile jumla iwe jumla ya kweli, E moja iweze kufidiwa na A. Na kwa tabibu aliyefanya kazi kituoni miaka mitatu, ningefuta mstari wa hisabati, nikaweka mtihani mfupi wa hesabu za dawa, usahihishwe kwa namba kama ilivyo mitihani mingine, bila barua ya mtu yeyote. Rafiki yangu mhadhiri anasema nitakuwa nimefungua mlango. Nimemwambia neno udahili lina maana gani.

Kwa sasa kitabu ni kilekile, kwa hiyo amejiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, hisabati, mtihani wa kidato cha nne, Novemba. Jumamosi ambazo hana zamu anapanda na bodaboda hadi kwangu, na mzee jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hisabati, anakuja na ubao mdogo aliounyofoa kwenye shule iliyokuwa inabomolewa. Wanakaa barazani. Mimi napika mtori na kusikiliza kupitia dirishani.

Wiki iliyopita alimpa swali la uwiano, mafundi sita na siku kumi na nne. Binti aliandika jibu mara moja, sahihi. Mzee akatikisa kichwa.

"Njia iko wapi?"

"Nimepiga kichwani, mzee."

"Kichwa hakisahihishwi. Andika njia."

Akafuta, akaandika upya mstari kwa mstari, kwa mwandiko ule ule wa daftari la selimundu, mdogo na ulionyooka. Mzee akamwambia swali linalofuata ni la logi, na kwamba logi wengi huzikimbia. Simu yake ikaita kutoka kituoni; akaiangalia, akaomba ruhusa, akasimama pembeni ya migomba. Nikamsikia akiuliza, "Ana kilo ngapi?"